Ofisa mifugo aliyeandikia ukuta: uchambuzi wa kisa cha miaka mitano ya kuandika mtandaoni bila umati

Maelezo ya awali

Kisa hiki ni cha mwanamke nitakayemwita Tetea. Ni ofisa mifugo wa kata katika mkoa mmoja wa kanda ya kati, Tanzania. Majina ya kata, ya duka na ya kila mtu anayeguswa nimeyaondoa, na mambo mawili matatu yasiyobeba kiini nimeyageuza ili hata jirani yake asimtambue. Yeye mwenyewe ameusoma uchambuzi huu kabla haujatoka, akaurudisha na masahihisho mawili. Yote mawili yalihusu kuku.

Nimekuwa mhariri wake wa kirafiki tangu alipoanza, kwa hiyo msomaji asinichukue kama mtazamaji wa pembeni. Ushauri mmojawapo ulioharibu mambo ulitoka kwangu.

Usuli

Katika kata ya Tetea ni nadra kukuta nyumba isiyo na kuku wa kienyeji. Kuku hao ndio akiba ya mama wa nyumba: sare ya mtoto, nauli ya kwenda hospitali, kitoweo cha mgeni aliyefika bila taarifa. Kiangazi kikikolea, kideri hupita. Wengine hukiita mdondo, na aliyewahi kuamka asubuhi akakuta banda limenyamaza hahitaji kuelezwa zaidi.

Kideri husababishwa na virusi na hakina dawa. Kina chanjo. Inayotumika sana vijijini ni I-2, ambayo huvumilia joto kuliko chanjo nyingi za zamani, na hilo ni jambo kubwa mahali ambapo friji iko duka moja tu. Kila kuku hudondoshewa tone moja jichoni, na kazi hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Lakini lazima kuku awe hajaugua. Aliyekwisha kuugua, chanjo haimponyi.

Tetea alikuwa na vijiji vinne na pikipiki moja ambayo mafuta yake yalikuwa ya kubahatisha. Aliamua kuandika ili maneno yafike ambako pikipiki haifiki. Hakuwa na ndoto ya kuwa maarufu, au ndivyo alivyoniambia wakati ule. Nitalirudia hilo.

Mwaka wa kwanza: kila siku, bila kukosa

Mwanzoni mwa 2019 alifungua ukurasa wa Facebook. Wazo la kwanza lilikuwa blogu, akaachana nalo mapema: kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018 ziliwataka wenye blogu wakate leseni ya shilingi milioni moja, achilia mbali ada ya maombi, na mshahara wake usingeruhusu hata kulifikiria mara mbili.

Andiko lake la kwanza lilikuwa zuri kuliko mengi yaliyofuata. Lilieleza namna ya kumchanja kuku ukiwa peke yako: mbane kwapani bila kumkaba, kichwa ukilaze ubavuni ili jicho moja liangalie juu, tone lianguke lenyewe bila ncha ya chupa kugusa jicho, na usimwachie mpaka apepese. Maneno mia mbili na kitu. Mtu aliyewahi kumshika kuku angejua kwamba aliyeandika naye amewahi kumshika. Likapata laiki 14.

Nikamshauri aposti kila siku. Huo ndio uliokuwa wimbo wa wakati ule, kwamba ukurasa usiposti kila siku husahaulika, nami niliuimba bila kuuchunguza. Akakubali. Alikuwa na hamu, na mwenye hamu hukubali ratiba yoyote.

Miezi mitatu ya kwanza alikuwa na ya kusema. Mwezi wa nne akaanza kukwangua sufuria. Ikawa "Amkeni wafugaji, siku njema" juu ya picha ya jogoo asiye wake. Ikawa methali. Ikawa siku nyingine anakopa bando ili aposti methali. Desemba ilipofika, wafuasi walikuwa 212.

Kulikuwa na tabia ambayo sikuijua mpaka baadaye. Kila akimaliza kuposti alikaa na simu mkononi, anafungua na kufunga ukurasa, akihesabu. "Kaka, nilikuwa naandika macho yakiwa mlangoni," aliniambia. "Kama mwenye shughuli ambaye wageni hawaji na pilau linapoa."

Wafuasi wa kununua

Mwaka 2020 aliamua kupromoti, yaani kuilipa Facebook iyasambaze maandiko yake. Sababu yake haikuwa ya kipuuzi: alisema hakuna mtu anayeingia mgahawa usio na mteja, basi ngoja kwanza tuweke watu wachache mezani. Kwa miezi miwili alitumia shilingi 40,000 za mfukoni. Wafuasi wakapanda kutoka mia mbili na kitu hadi 1,900.

Walikuwa nani? Nilikaa naye jioni moja tukafungua majina. Vijana wa mijini, wengi wao wanalaiki kila kinachopita mbele ya kidole. Mtu mwenye banda tulimtafuta kwa tochi. Andiko la kwanza baada ya fedha kukatika lilipata laiki 7, tatu kati ya hizo za ndugu zake. Watu 1,900 ukumbini, saba wanapiga makofi: hilo lilimuumiza kuliko wakati ule alipokuwa na 212. Idadi ndogo ilikuwa na udhuru. Hii kubwa haikuwa nao.

Wiki kumi na moja

Mei 2021 aliacha. Hakutangaza. Wiki mbili za mwanzo alikuwa na sababu ya nyumbani, zilizofuata hakuwa na sababu yoyote. Wiki kumi na moja zikapita na hakuna aliyeuliza, si mfuasi, si ndugu, na wala si mimi. Nilidhani amepumzika.

Watu walipomwona baadaye wakamwambia haba na haba. "Kibaba changu kina tundu," alijibu, na nadhani alikuwa sahihi. Methali ile huchukulia kwamba kinachoingia kinabaki. Maandiko ya Facebook hayabaki. Lile la kumshika kuku kwapani, bora kuliko yote, lilikuwa limezikwa chini ya mamia ya salamu za asubuhi alizoziandika yeye mwenyewe kwa ushauri wangu.

Simu

Katikati ya Agosti 2021 alipigiwa simu na mtu asiyemjua.

"Samahani dada, wewe ndiye uliyeandika hili la kuku wa mdondo?"

Mpigaji alikuwa muuza duka la dawa za mifugo katika kata ya jirani. Andiko la Tetea kuhusu chanjo lilikuwa limenakiliwa na mtu, likaforwadiwa, likapita makundi yasiyojulikana mpaka likaangukia kundi la VICOBA, la kuweka na kukopeshana fedha, la mke wake. Yeye akalipeleka steshenari, likachapwa, akalibandika ukutani pembeni ya friji ya chanjo. Jina la Tetea lilikatika njiani. Namba ya simu ilibaki kwa sababu alikuwa ameiandika ndani ya aya ya mwisho na wanakili huwa hawasomi mpaka huko. Muuzaji alidhani mwandishi yuko Dar es Salaam. Kumbe Tetea alikuwa akipita mbele ya duka lile kila siku ya mnada.

Hakupiga kusifu. Alipiga kulalamika. Wateja, alisema, wanasoma mistari miwili ya juu, wanaona "chanjo" na "kideri", wananunua, wanakwenda kuwachanja kuku ambao wameshaanza kufa. Kuku wakiisha wanarudi kugomba naye. Onyo kwamba chanjo si dawa lilikuwapo, lakini lilikuwa aya ya tatu. "Dada, hapo ungeweka juu kabisa, herufi kubwa."

Usiku ule Tetea aliandika upya. Mstari wa kwanza ukawa: CHANJO SI DAWA. MCHANJE KUKU AKIWA MZIMA. Alinitumia saa sita na nusu usiku nimkagulie. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi kunitumia kitu, na hakuuliza kama watu watakipenda. Aliuliza kama mteja aliyesimama mbele ya friji ataweza kukisoma bila miwani.

Maamuzi aliyofanya aliporudi, na kwa nini

*Ratiba ya kuku badala ya ratiba ya simu.* Aliacha kuandika kila siku. Akachora kalenda kwenye jalada la faili: kideri kiandikwe kabla kiangazi hakijakaza, na tena kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka kwa sababu kuku husafirishwa sana na ugonjwa husafiri nao, ndui ya kuku iandikwe kuelekea mvua kwa sababu mbu huieneza, kuhara damu kwa vifaranga wakati wa mvua, maana matandiko yanalowa. Mawili kwa mwezi, basi. Nilihofia atasahaulika. Jibu lake: "Nimeshasahaulika tayari, kaka, nina cha kupoteza gani?"

*Daftari.* Hili halikutoka kwangu wala kwenye mafunzo yoyote ya uandishi. Ofisa mifugo huwa na daftari la matukio: tarehe, kijiji, mnyama, dalili, hatua. Akafungua la pili kwa ajili ya wasomaji. Kila swali lililoingia kwa simu, ujumbe au ana kwa ana mnadani lilipewa namba. Hakuandika laiki. Mwaka wa kwanza wa kurudi yaliingia maswali 61, na 19 kati ya hayo yakazaa maandiko. Kuanzia hapo hakukosa tena cha kuandika, na methali ziliisha.

*Brodikasti, si kundi.* Tulibishana juu ya hili. Mimi nilitaka afungue kundi la WhatsApp, wasomaji waongee. Yeye alitaka brodikasti, yaani ujumbe mmoja unaomwendea kila mtu peke yake bila wasomaji kuonana, ambayo ina ukomo wa watu 256 kwa orodha na humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Niliuona ukomo huo kama kasoro. Yeye aliuona kama mchujo: mtu aliyejisumbua kuihifadhi namba yake na kuiandika "Mama Kuku" ana kuku kweli. Makundi aliyokuwamo, alisema, yalikuwa yamegeuka uwanja wa viungo vya bahati nasibu na siasa za udiwani.

*Fedha za kampuni.* Mwaka 2022 kampuni moja ya dawa za mifugo ilimwahidi shilingi 150,000 kwa andiko moja litakalotaja poda yao ya antibiotiki kama kinga ya "magonjwa yote ya kuku". Alikaa nalo siku tatu. Si siku moja, tatu, na aliniomba niliandike hivyo. Antibiotiki haiui virusi, na yeye alikuwa amebandikwa ukutani akisema kideri hakina dawa. Alikataa.

Mambo mawili yaliyoharibika hata baada ya hapo

Mwishoni mwa 2022 simu yake iliibwa stendi. Laini aliirudisha kesho yake, namba ileile, lakini hakuwa amehifadhi nakala ya WhatsApp popote. Brodikasti ya watu karibu mia mbili ikafutika kama haikuwahi kuwapo. Alinipigia kwa simu ya mtu, na sauti niliyoisikia ilikuwa ileile ya Mei 2021. Nilijua anaelekea kuacha.

Kilichomzuia ni kwamba daftari lilikuwa na namba za waliouliza. Alikaa jioni nne akiwaandikia mmoja mmoja: ni mimi wa kuku, simu imepotea, bado unafuga? Walirudi wengi. Baadhi walijibu kwa swali jipya kabla ya pole. Alisema majibu hayo yalimfaa kuliko pole.

Mwaka 2023 alijaribu kutoza shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwezi wa kwanza walilipa tisa, wa pili wanne. Hasara kubwa haikuwa fedha. Wale wanne walianza kumdai kama wateja wanavyodai, na wale wasiolipa wakaona aibu kuuliza, kwa hiyo daftari likanyamaza karibu mwezi mzima. Alipoona hivyo aliwarudishia wale wanne fedha yao na kuwatangazia wote kwamba ni bure tena. Maswali yalirudi, polepole.

Matokeo hadi 2024

Ukurasa wa Facebook una wafuasi 2,300 na hauna uhai wa maana. Anautumia kama ghala. Brodikasti ina watu 231. Tangu Septemba 2021 amekosa ratiba yake ya mawili kwa mwezi mara nne tu, mojawapo ikiwa ni ile wiki ya simu. Mara kadhaa vikundi vya akina mama vimemwita kufundisha, wakamlipa nauli na posho kidogo. Kazi yake ni ileile, kata ileile.

Muuza duka anasema sasa watu hununua chanjo kabla ya kiangazi. Huo ni ushuhuda wa mtu mmoja mwenye duka, na mimi siuzidishi thamani.

Uchambuzi

Ukitazama idadi peke yake, mwandishi huyu amekua kwa mwendo wa konokono kwa miaka mitano, na sehemu kubwa ya ukuaji alioununua haikuwa na faida. Bado anaandika. Kwa nini?

Jibu la haraka ni kwamba aligundua kuna watu wanamsoma. Sidhani linatosha. Kabla ya simu ile alikuwa akipata "hongera dada", "Mungu akubariki", mikono ya kuomba dua. Alizisoma, akafurahi dakika mbili, akaacha kuandika vilevile. Sifa haina cha kukufanyisha. Malalamiko ya muuza duka yalimpa kazi: kuna mstari uko mahali pasipofaa na kuku wanakufa kwa sababu hiyo. Ndiyo maana ninaliona lile lalamiko, na si furaha ya kubandikwa ukutani, kuwa ndilo lililomrudisha. Daftari lilifanya kazi hiyohiyo kwa kipimo kidogo. Kila swali lililowekewa namba ni deni dogo, na Tetea ni mtu wa kulipa madeni.

Hapa narudia lile la umaarufu. Alisema hakuutaka, nami niliamini, lakini mtu asiyetaka kuonekana hahesabu laiki hadi bando liishe. Alitaka kuonekana, na sioni aibu yake. Tatizo ni kwamba tulichagua kipimo kinachobadilika kila saa kwa kazi ambayo matunda yake hutoka kwa msimu. Mkulima wa mtama akichungulia shamba kila baada ya robo saa atakata tamaa kabla ya palizi, na shamba halina kosa lolote. Kosa la kuleta kipimo hicho ni langu kwa sehemu kubwa: nilichukua ushauri wa watu wanaoandika vichekesho nikampa mtu anayeandika juu ya kideri.

Kuhusu brodikasti, mwanzoni nilikuwa nimekosea, lakini si kabisa. Mchujo wake ulifanya kazi. Hata hivyo wasomaji wake hawajuani. Simu ilipoibwa hakuna hata mmoja ambaye angeweza kumwuliza mwenzake "vipi, Mama Kuku yuko wapi?" Katika kundi, mtu angeuliza. Ukimya wa wiki kumi na moja ungeweza kujirudia bila mtu kujua, na hiyo ni hatari ambayo bado ipo leo.

Kukataa fedha ya kampuni wengi wangekuita uadilifu, na ni kweli. Mimi naona pia ni sehemu ya hamasa yenyewe. Angeandika lile la poda, kesho yake angepita vipi mbele ya ule ukuta?

Linalonisumbua katika kisa hiki ni bahati. Simu ile ingeweza isipigwe. Namba ingeweza kukatwa pamoja na jina, naye leo angekuwa mmoja wa maelfu walioandika miaka miwili na kitu wakanyamaza. Nikirudi nyuma, ninachojilaumu zaidi hata kuliko ratiba ya kila siku ni kwamba hatukuwahi kwenda kuangalia maandiko yanaishia wapi. Tulikaa na simu tukisubiri wasomaji waje kwenye ukurasa, hali yeye alipita mbele ya duka lile kila mnada. Mwaka wa kwanza ungetosha kuingia, kuweka karatasi moja pembeni ya friji, na kusimama nusu saa kuona mteja anaishia mstari wa ngapi. Ingegharimu shilingi mia mbili za steshenari. Tulitumia elfu arobaini kutafuta jambo hilohilo mahali pengine.

Hali ilivyo wakati naandika

Daftari limefika swali la 214. Liliingia Jumanne, limeandikwa kwa penseli, maana kwa kalamu huandika yale tu aliyokwisha kuyajibu: mama mmoja mwenye bata sita na kuku kumi na wawili wanaolala banda moja anauliza kama bata nao wachanjwe. Tetea amemwambia asubiri hadi Ijumaa, kuna mtaalamu anataka amwulize kwanza.